Udongo Uliopigwa na Radi

Neno lililomlisha Faradji nyama msimu mzima halikuwa lake. Liliponyoka kinywani mwa fundi umeme mmoja sokoni Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Congo, na Faradji, ambaye tangu utoto hakuwahi kuacha kitu cha bure kilale chini, akaliokota.

Ilikuwa mwaka 1999, mvua za Septemba zimeanza. Barabara zilikuwa zimetulia, makaa yamepanda bei, na kila asubuhi majiko ya umeme yalivuka mpaka kutoka Goma, mengine vichwani mwa wanawake, mengine juu ya chukudu, ile mikokoteni ya mbao inayosukumwa kwa mguu. Mjini jiko hilo liliitwa plaque. Kila mwenye nyumba yenye mita aliitaka plaque, na kila aliyeipata aliogopa kuiwasha.

Siku hiyo karani mmoja wa ofisini aitwaye Vénuste, mtu wa tai na kalamu mfukoni, alisimama mbele ya meza ya fundi Kimenyi huku ameikumbatia plaque yake mpya.

"Nyumba yako haina terre," Kimenyi alimwambia. "Plaque bila terre itakuua, we na madame."

"Terre inapatikana wapi?"

"Chini," akasema Kimenyi, kisha akataja bei ya kazi. Vénuste akacheka kwa uchungu, akaondoka na plaque yake.

Faradji alikuwa anakula sambusa kando ya meza hiyo. Aliacha kutafuna. Mbele ya macho yake alikuwa anapita mtu mwenye mshahara, anatafuta udongo wa kununua, na hakuna aliyekuwa anamuuzia. Ilimuuma kweli, kama inavyomuuma mtu mwenye moyo mwema kuona mgonjwa amekosa dawa.

Kwa faida ya msomaji, ambaye huenda naye ana plaque nyumbani, tuseme terre ni nini. Jiko la umeme lina nyaya tatu. Wa kwanza unaleta umeme, wa pili unaurudisha. Wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, siku zote haufanyi kazi yoyote, unakula bure tu. Lakini umeme ukipotea njia na kuingia kwenye bati la jiko, waya huo unaukamata na kuupeleka ardhini kabla haujapitia kwa mpishi. Kwa Kifaransa unaitwa terre, yaani ardhi. Faradji hakuyajua hayo. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, na kwa biashara aliyokuwa anaitunga, kingekuwa kingi kingemharibia.

Alimfikia Vénuste kabla hajavuka barabara.

"Papa, unisamehe. Nimesikia fundi amekuambia nini. Amesema kweli, lakini amekuficha nusu."

"Nusu gani?"

"Terre iko aina mingi. Hii ya hapa Gisenyi ni majiwe ya volkano tu, haiwezi kunywa courant. Ya muzuri inatoka Bugeshi, kule juu, fasi radi inapigaka kila mvua. Ile udongo imezoea."

"Imezoea nini?"

"Courant, papa, umeme. Mutu hajazoea pombe, chupa moja inamwangusha. Mwenye kuzoea anakunywa tu, analala, asubuhi anaenda kazi."

Vénuste, ambaye ofisini hakukubali kitu bila muhuri, akaomba uthibitisho. Faradji akampeleka chumbani kwake Mbugangari, akafungua mfuko, akachota udongo kidogo, akauweka kwenye ulimi wake mwenyewe na kufumba macho. Kisha akamwekea Vénuste wake.

"Inauma," Vénuste akasema.

"Ni radi iyo. Haijaisha yote."

Mfuko huo, tusifichane, ulikuwa wa mfano. Faradji alikuwa ameuandaa siku nyingi kwa kazi nyingine ya dawa ya viazi iliyokuwa imeshindikana. Udongo wake ulichimbwa nyuma ya chumba hicho hicho, pale mama mwenye nyumba anapomwaga maji ya vyombo. Alikuwa ameuchanganya na vumbi la makaa uwe mweusi wa kutisha, na chumvi, ambayo sasa ilipandishwa cheo kuwa radi. Vénuste alinunua mfuko. Baada ya siku chache akarudi kuchukua mwingine, akaenda kumuuzia mkubwa wake ofisini kwa bei ya juu. Ndivyo ulivyo ulimwengu: aliyeliwa hana haraka ya kulia, anatafuta kwanza wa kumla.

Biashara ikashika kasi. Watu waliweka udongo kwenye beseni chini ya jiko, wakachomeka ule waya wa kijani na njano ndani yake, wakawasha, na jiko likawaka, kwa sababu jiko huwaka hata bila terre. Hapo ndipo uongo wa Faradji ulipopata afya. Lalamiko lilikuwa moja tu. Belise, mke wa Vénuste, alisema kila akigusa sufuria inamdonadona mikononi.

"Madame avae viatu ya mipira," Faradji alishauri, "mpaka terre itazoea nyumba."

Belise akavaa viatu vya mpira, na Faradji akalala usingizi mzuri.

Alikuwa anaota pikipiki, ambayo huku kwetu hakuna aiitaye pikipiki, tunasema moto. Tapeli wa miguu ni mtu wa kuhurumiwa. Akiuza uongo mmoja sokoni, inabidi aukimbie kwa miguu yake mwenyewe, na miguu ya Faradji ilikuwa imekwisha zeeka kabla ya mwenyewe. Akipata moto, alijiambia, ataacha haya yote. Atabeba abiria kwenda Kanama na kurudi, atavaa jaketi la ngozi, na watu wakimwona watampungia mkono, badala ya kumwambia, "We, simama hapo." Hakuna kitu alichokitaka hapa duniani kuliko hicho, na fedha za udongo, zilizofungwa kwenye kitambaa chini ya godoro, zilikuwa zikimsogeza karibu nacho.

Habari za udongo zikafika kwa Libérata. Mama huyu alirudi kutoka Congo pamoja na wengi waliorudi, akawa anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye nyumba yake iliyo njia ya Nyamyumba. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kuongea taratibu hadi mtu anatamani kumsaidia kumalizia sentensi. Faradji alimpenda papo hapo. Watu wa taratibu walikuwa wamemlisha maisha yake yote.

Libérata alikuwa na plaque kubwa kutoka Goma, ingali kwenye karatasi, na alitaka kufungua mgahawa. Alimpokea Faradji barazani, akiwa anachambua sambaza pamoja na mpishi wake Mukashyaka. Nyuma yao, chini ya paa la bati, ilisimama moto nyekundu, Yamaha, tairi zake zingali na meno.

"Terre yako nimesikia," Libérata alisema. "Niko naitaka. Lakini mi si mutu wa kununua mifuko. Mi nanunua kazi yote. Ulete kila kitu, plaque iwake, njo nakulipa."

"Hakuna shida, mama. Utanilipa na nini?" Macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda chini ya paa la bati.

Libérata aliyaona yalipokwenda. Akachambua sambaza mwingine, bila haraka.

"Bon," akasema. "Plaque ikisha kuwaka, mi nitafanya nini tena na moto? Nakupatia moto."

Faradji akameza mate. "Moto ya hapa?"

"Moto ya hapa nyumbani. Imenichokesha, ni ukuri, kweli tupu. Asubuhi kuiwasha ni vita."

"Ni bougie tu, mama, ile plagi ya engine. Imechafuka. Unaipanguza, inawaka."

"Na moshi. Mpaka majirani banalalamika. Uliza Mukashyaka."

"Mpaka machozi inatoka," Mukashyaka akasema bila kuinua kichwa.

"Ni mafuta inachanganyika vibaya," Faradji akaeleza kwa sauti ya daktari. "Nitaitengeneza mi mwenyewe."

"Na inakula, mwana wangu. Inakula siku yote."

"Sasa itakula kwangu."

"Mukashyaka, umesikia?"

"Nimesikia."

Libérata akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Kitu moja tu. Siku ya kufungua, utasogongera."

Aliyewahi kukaribishwa Rwanda anajua kusogongera. Mwenye kuleta pombe huinywa yeye kwanza, mbele ya wageni, ili kila jicho lione haina sumu, ndipo wengine hunywa. Faradji alifurahi. Udongo wake alikuwa ameulamba mara nyingi, na chumvi haijamuua mtu. Akatia mkono mfukoni, atoe kidogo aonje hapo hapo.

"Hapana, si udongo," Libérata akasema. "Plaque. Mbele ya wageni. Unasimama bila viatu kwa sima, ile saruji ya chini, iko na maji, mikono nayo maji, unakamata bati ya plaque pembeni, iko inawaka."

"Na miguu nitakuosha mimi," Mukashyaka akaongeza, "tuone hakuna mupira umebandika chini."

Faradji alitabasamu kwa mazoea tu. Akaitazama ile moto nyekundu, nayo, kwa jinsi jua lilivyoipiga, ni kama ilimkonyeza.

"Nakubali," akasema.

Tamaa mbele, mauti nyuma, husema wenye hekima. Kwa Faradji vyote viwili vilikuwa mbele, vimekaa barazani, vinachambua samaki.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mbele ya meza ya Kimenyi, akiuliza kwa niaba ya rafiki.

"Rafiki yako atasimama ndani ya maji, bila viatu, anakamata plaque?" Kimenyi aliuliza.

"Ndiyo."

"Na terre yake iko wapi?"

"Kwa beseni."

"Beseni ya nini?"

"Ya plastiki."

Kimenyi akaiweka chupa yake ya bia chini, jambo ambalo soko halikuwa limezoea kuliona. "Donc haigusi chini kabisa. Ile ni maua, si terre. Courant ikiingia kwa bati, itatafuta njia ya kwenda chini, na njia ni miguu ya rafiki yako. Sema atazikwa siku gani, nitakuja."

Faradji aliona giza. Wazo la Belise na sufuria inayomdonadona likamjia, akalifukuza. Alikuwa na mazishi yake mwenyewe ya kushughulikia kwanza.

Kimenyi alikuwa fundi mzuri na mtu mbaya wa bei. Alitaka alipwe mbele, alitaka bia za kazi mbali na malipo ya kazi, na alitaka vifaa vyote vinunuliwe kwa shemeji yake. Faradji alijaribu kupunguza. Akapendekeza waya mwembamba.

"Nyembamba ni ya taa," Kimenyi akasema. "Plaque kubwa inavuta courant mingi. Ukiweka waya nyembamba, njo yenyewe itapika. Utakuta sambaza iko mbichi, ukuta umeiva."

"Basi tuunge kwa ile ya taa, lakini..."

"Hapana. Plaque iko na njia yake peke yake kutoka kwa compteur, ile mita, na disjoncteur yake peke yake, ile ya differentiel, inayoanguka courant ikipotea kidogo tu. Na terre ya kweli. Ama unaona ginsi gani? Si ni rafiki yako atakufa, si mimi."

Kile kitambaa kikatolewa chini ya godoro. Mshahara wa Vénuste uligeuka waya mnene. Ule wa mkubwa wake ukageuka disjoncteur, ambayo ni swichi inayojikata yenyewe hatari ikitokea. Wateja wengine wote, maskini, waliishia kwenye chupa za Kimenyi. Faradji alitoa kila noti akijikumbusha ile Yamaha, na kila noti ilipotoka alijikumbusha kwa nguvu zaidi.

Kazi yenyewe aliisimamia kama mama mkwe. Alihakikisha Kimenyi amekata umeme wote kwenye mita kabla ya kugusa kitu. Alimtaka apime kwa bisibisi yenye taa, kisha apime tena. Alivuta kila waya kwa mkono kuona kama umekazwa, na ule wa kijani na njano, uliofungwa kwenye bati la plaque kwa skrubu, aliuvuta mpaka Kimenyi akamsukuma. Hakuna mteja mwaminifu aliyewahi kuwa mkali kama yule mwongo.

Nje, pale maji ya jikoni yanapomwagikia, walianza kuzamisha fimbo ya shaba. Ikagonga jiwe la volkano. Kimenyi akakaa kwenye kivuli na kumwonyesha Faradji jembe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Faradji aliingia mpaka kiunoni.

"Hii udongo haikamate maji," Kimenyi akasema alipochungulia shimo. "Tafuta vumbi ya makaa na chumvi, tuchanganye, tujaze kwa fimbo. Inasaidia terre kunywa courant."

Faradji alisimama shimoni, jembe mkononi. "Nini na nini?"

"Makaa na chumvi. Mafundi wote banajua."

Alikuwa na mifuko yake nyumbani, tayari imekwisha changanywa. Aliileta bila kusema neno. Alijihisi kama mtu aliyeibiwa. Uongo alioutunga kwa akili yake mwenyewe, kumbe ulikuwa na ukweli ndani yake siku zote, na hakuna aliyemwambia. Kosa lilikuwa beseni tu.

Mwisho Kimenyi akagusisha waya wa umeme kwenye bati la plaque makusudi, na disjoncteur ikaanguka, tak. Faradji akamwomba arudie. Akaomba tena. Aliomba mpaka Kimenyi akadai bia ya kurudia.

Siku ya kufungua mgahawa walikuja watu wengi, maana chakula kilikuwa cha bure. Vénuste alikuja na tai. Alikuja pia mwalimu Habineza, aliyerudi kutoka Tabora na Kiswahili kilichonyooka hivi kwamba watu walimwita kwenye harusi asome hotuba, wasikie tu. Plaque ilikuwa inawaka nyekundu. Mukashyaka alimketisha Faradji kwenye kigoda, akamwosha miguu, akakagua hadi katikati ya vidole, akamwaga ndoo nzima ya maji kwenye sakafu ya saruji.

Faradji akasimama ndani ya maji. Dirishani aliiona ile moto nyekundu chini ya paa la bati. Akamkumbuka mama yake, akakumbuka skrubu ya waya wa kijani, akaikumbuka zaidi ile skrubu. Akanyoosha mikono yote miwili na kulishika bati pembeni.

Hakuna kilichotokea. Katika maisha yake yote, hakuna kitu kilichowahi kumfurahisha Faradji kuliko hicho ambacho hakikutokea.

Watu wakapiga makofi, sambaza zikaingia kwenye mafuta, na pale pale wageni kadhaa wakamnong'oneza kwamba kesho wangependa mifuko. Faradji aliwaitikia kwa kichwa kama mtu mkubwa. Walipokwisha kula, akamwendea Libérata.

"Mama, nipatie sasa ufunguo."

"Ufunguo ya nini?"

"Ya moto."

Libérata akamwangalia Mukashyaka. Mukashyaka akatoka uani, akarudi amebeba kwa vitambaa jiko la makaa, imbabura yenyewe, imejaa makaa mekundu. Akaliweka mbele ya miguu ya Faradji, ambayo bado ilikuwa na maji.

"Moto yako iyo," Libérata akasema. "Ya hapa nyumbani. Kuiwasha ni vita, moshi mpaka majirani banalalamika, inakula makaa siku yote. Kuna kitu nilikuficha?"

Kicheko kikaanzia kwa Mukashyaka na kuzunguka meza zote. Faradji akaonyesha dirishani. "Na ile?"

"Ile ni ya Egide, mpangaji wangu. Sasa nitoe kitu ya mutu? Mi si mwizi, mwana wangu."

Faradji akamgeukia Habineza, kwa kuwa mtu anayezama hushika hata sarufi. "Mwalimu, we unajua Kiswahili ya kweli. Uwaambie moto ni nini."

Habineza akapangusa mdomo, akasimama, akarekebisha koti. "Inategemea. Mama alisema moto *wa* hapa, au moto *ya* hapa?"

"Ya hapa. Mukashyaka alikuwa pale, aseme."

"Ya," Mukashyaka akakiri.

"Hapo kuna hoja," mwalimu akasema, na Faradji akaanza kupumua. "Kwa Kiswahili sanifu, moto wa kupikia huwa ni *wa*. Ukisikia *ya*, hiyo ni pikipiki. Mtu wa Tabora angekuwa na haki ya kudai ufunguo." Akamgeukia Libérata. "Lakini mama si mtu wa Tabora. Huku kwenu kila kitu ni *ya*: mutoto ya, mukono ya, mulango ya. Nawe Faradji, ulipouliza, uliulizaje?"

"Nilisema, moto ya hapa."

"Basi mlielewana kikamilifu," akasema mwalimu, akaketi.

Libérata hakucheka. Alisema kwa ule upole wake, taratibu, na safari hii hakuna aliyetamani kumsaidia kumaliza. "We uliuzia mutaa yote neno moja. Mi nimekulipa na neno moja. Tuko sawa."

Iliuma sana. Fedha zilikuwa zimeingia kwenye ukuta wa mtu mwingine, na moto nyekundu ilikuwa ya Egide. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Lakini Libérata hakuwahi kuwa mjinga hata dakika moja, na Faradji, huku amekasirika mpaka masikio yanawaka, alijikuta anamheshimu kwa moyo wote.

Tena hakuwa amepoteza kila kitu. Mji mzima ulikuwa umemwona akishika bati akiwa majini. Kesho wangepanga foleni Mbugangari. Kabla ya Krismasi angenunua moto yake mwenyewe, dukani, na ufunguo wake.

Ndipo Vénuste alipompiga begani. "Mi nimefurahi, ndugu. Sasa nimeona na macho yangu, ile terre ni ya kweli. Naenda kumwambia Belise atoe ile viatu ya mipira. Miguu imemuiva, maskini. Na jikoni yetu iko inavuja, sima ni maji tu kila mvua."

Mvua ilikuwa inaanza nje. Faradji aliiangalia miguu yake. Alijua vizuri kwa nini alikuwa hai, ile fimbo, ule waya na ile disjoncteur, na alijua kwamba chini ya plaque ya Belise hakuna hata kimoja cha vitu hivyo. Wale wageni wa mifuko walikuwa wamesimama karibu, wanasikiliza. Neno moja tu, na wote wangekwenda zao. Akatamani sana kuwa mtu asiyejua. Wiki mbili zilizopita alikuwa mtu huyo, na maisha yalikuwa mepesi.

"Usimwambie," akasema.

"Juu ya nini nisimwambie?"

"Ile nilikuuzia ni udongo."

"Najua ni udongo. Si ni terre?"

"Ni udongo ya nyuma ya nyumba yangu, papa. Na chumvi. Ya hapa iko na fimbo, iko na waya, iko na disjoncteur. Ya kwako iko na beseni."

Wageni wa mifuko wakaanza kutafuta kofia zao. Vénuste alibaki ameachama.

"Na radi?"

"Hakuna radi."

Mtu mwingine angemkaba. Vénuste alisogea karibu na kunong'ona, uso umekuwa wa majivu. "Nimemuuzia chef wangu, mkubwa wa ofisi."

Faradji alivaa viatu bila kufunga kamba, akalinyanyua lile jiko la makaa kwa vitambaa vya Mukashyaka, kwa kuwa lilikuwa mali yake halali, akatoka nalo mvuani. Libérata alimtazama akipita. Akatungua mwavuli ukutani, akampa Vénuste, amfunike yule mtu na moto wake.

Walimkuta Belise jikoni, maji sakafuni, maharage yako kwenye plaque. Jirani aliyetoka kula bure alikuwa amekwisha mpa habari njema. Kiatu kimoja alikuwa amekwisha kivua, ameegemea ukuta, anahangaika na cha pili.

"Madame, usiguse kitu," Faradji akasema. "Papa, zima kwa compteur. Yote."

Vénuste akazima. Faradji akaweka imbabura pakavu karibu na mlango, akaipuliza mpaka makaa yakarudi kuwa mekundu, akaipua sufuria kutoka kwenye plaque na kuibandika juu yake.

"Leo upike na hii," akasema. "Ichukue. Terre ya beseni ni uongo, ya kweli inachimbwa."

Belise aliyaangalia makaa, akamwangalia mumewe, akamwangalia yule muuza udongo aliyelowa mpaka chupi. Alikwenda nyuma ya mlango, akarudi na jembe, akampa.

Faradji akavua shati lake la pasi, akalitundika kwenye msumari. Akauliza maji yao ya vyombo yanamwagwa wapi. Wakamwonyesha, akaanza kuchimba, na baada ya majembe machache akagonga jiwe, kama alivyojua atagonga.

Vénuste alisimama juu yake na mwavuli, akijikuna kichwa.

"Na chef wangu?" akauliza. "Nitamwambia nini?"

Faradji alitema mate mikononi, akainua jembe tena.

"Chef," akasema, "avae viatu."